Silinda sita ya Tata: nilivyotabiri bei ya gari kwa mabati na kumcheleweshea Mae paa lake

Wakuu, habari za mchana, mlioko nchini na mlioko ughaibuni.

Mimi humu huwa napita tu. Nasoma, nacheka, natoka. Lakini wiki hii nimekutana na nyuzi tatu mfululizo, vijana mnabishana kuhusu V8 za mtumba: mwaka wa tatu inashuka kiasi gani, mwaka wa tano inabaki na nini, CC ngapi ndizo zinaua resale. Mmoja kaweka hadi jedwali la rangi. Nimeshindwa kunyamaza.

Kazi hii ya kutabiri bei ya gari lenye injini kubwa niliifanya kabla wengi wenu hamjazaliwa, na sikuwa na jedwali. Na nilikuwa naaminika.

Sasa nitawasimulia nilivyokosea. Nitasema kama ilivyokuwa, hata pale nitakapoonekana mjinga. Kule kwetu bado wapo wazee wawili watatu walioshuhudia, nikiongeza chumvi watanisuta.

Na nyie mnaoniuliza kila siku jina langu humu, BatiNgapi, limetoka wapi, leo mtajua.

Mimi ni mtu wa Muleba. Wakati ninaousema, Muleba ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Bukoba, na ukisema unakwenda mjini ilikuwa na maana moja tu. Uhuru tulishaupata, mimi nina miaka ishirini na mbili, ni fundi magari katika gereji moja pale Bilele, Bukoba mjini. Bosi wangu alikuwa Mzee Shabani, fundi mzuri, mdomo mchafu, moyo safi.

Gereji ndiyo iliyonifundisha bei.

Niligundua kitu ambacho madalali wenyewe hawakukifuatilia. Bei ya gari Bukoba haikutegemea gari. Ilitegemea kahawa. Kahawa ikishauzwa, mkulima ambaye hajawahi kushika usukani anateremka mjini na hela kwenye mfuko wa kitambaa, anataka gari siku hiyo hiyo, na rangi anachagua mkewe. Masika yakiingia, gari lile lile linarudi gerejini kwetu linatafutiwa mteja. Mafuta yameisha, ada za watoto zimefika, springi zimekatika.

Magari madogo yalikuwa yanashuka polepole, kwa sababu karani anayataka, mwalimu anayataka, katekista anayataka. Ila silinda sita lilikuwa na tabia yake. Mzungu anayerudi kwao analiuza kwa bei ya kutupa. Msimu wa kahawa ukifika linapanda ghafla, zaidi hata ya alivyouza mzungu, kwa sababu ya arusi na kwa sababu ya kujionyesha. Wahaya wenzangu msikasirike, tunajijua. Halafu petroli inammaliza mwenye nalo, na bei inaporomoka moja kwa moja.

Nikaanza kusema hadharani. "Wewe hilo, ukifika wakati wa senene utaliuza nusu." Na kweli linauzwa nusu. Watu wakaanza kuja Bilele kuniuliza kabla ya kununua, wengine na mkungu wa ndizi mkononi. Mzee Shabani akawa ananitania, "We kijana, nikulipe kama fundi au kama mganga?"

Nikavimba kichwa. Sitawaficha.

Sasa twende nyumbani.

Baba yangu, Tata, alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi. Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, mtu wa maneno machache. Tuliishi kwenye nyumba ya msonge, ile ya nyasi, ya mviringo. Wakati huo kila familia iliyojiweza ilikuwa inahama kutoka msonge kwenda nyumba ya bati. Tata alishafyatua tofali, alishapima uwanja, alishahesabu: nyumba aliyotaka ilihitaji bati mia na ishirini. Hela ya bati hizo ilikuwepo, imehifadhiwa kwenye sanduku, ya misimu minne.

Aliyekuwa anazisubiri bati zile kuliko wote ni Mae, mama yangu. Na hakuzitaka kwa fahari.

Alitaka maji.

Mnaojua milima ya kwetu mtanielewa. Kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba, kiko juu, chemchemi iko bondeni. Mae alishuka na debe asubuhi, akashuka tena jioni, akapanda nalo kichwani. Paa la nyasi halikusanyii mtu maji. Paa la bati ukiliwekea gata na pipa, mvua ya kwetu inakujazia mwenyewe, na mvua ya kwetu haina uchoyo. Jirani yetu alikuwa nalo pipa. Mae akipita pale na debe lake alikuwa analigonga pipa hilo kwa vidole kusikia limejaa hadi wapi. Hilo nililiona kwa macho yangu, tena mara nyingi.

Basi mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, bwana shamba mmoja Mzungu akawa anaondoka. Gari lake nilikuwa nalihudumia mimi. Saluni ya Kiingereza, silinda sita, rangi ya maziwa, viti vyekundu vya ngozi. Ukiliwasha husikii injini, unaona tu kikombe juu ya boneti kinatetemeka kidogo. Nililipenda, wakuu. Hadi leo nikinusa ngozi ya kiti cha zamani moyo unarudi kule.

Akataja bei. Nikaibadili kichwani: bati mia na ishirini. Kamili.

Nikapanda basi hadi nyumbani, nikakaa mbele ya Tata nikamweleza. Tununue sasa hivi masika, wakati watu hawana hela. Msimu wa kahawa tuliuze. Litatoa bati mia na sitini. Nyumba utaezeka, na jiko utaezeka.

Tata akatafuna kahawa yake, akatema ganda. "Una hakika?"

"Tata, sijawahi kukosea."

Hilo neno nililitamka kwa mdomo wangu huu.

Akamgeukia Mae. "Mama fulani, unasemaje? Bati ni zako."

Mae alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Mtoto kasomea magari. Msonge nimeuzoea. Msimu mmoja ni nini, bojo?" Bojo kwetu ni neno la upole.

Tukanunua.

Siku nilipolileta kijijini watoto walikimbia nyuma kuanzia barabara kuu. Tata alivaa koti la kanisani, akakaa kiti cha mbele. Mae alizunguka gari mara moja, akagusa taa, akasema, "Mabati yangu yana macho." Tulicheka sana siku ile.

Msimu ukaja. Na mimi utabiri wangu ulikuwa sahihi! Naomba hilo mliandike. Gari lilibeba bibi harusi wawili, Muleba hadi Bukoba mjini, mama wakwe wakalia kwa furaha. Halafu akaja mfanyabiashara mmoja wa kahawa, tumwite Bwana K, akataja bati mia na arobaini, hela mkononi.

Nikamkatalia.

Kwa nini? Kwa sababu ya malipo ya pili. Chama cha ushirika kilikuwa kinampa mkulima malipo ya kwanza akipeleka kahawa, halafu baadaye, kahawa ikishauzwa nje, kinaongeza malipo ya pili. Kila Mhaya wa enzi ile aliishi akisubiri malipo ya pili. Arusi ilisubiri malipo ya pili, deni lilisubiri, hata ugomvi wa mipaka ulisubiri, kwa sababu wakili naye alitaka kulipwa. Nikamwambia Tata, "Huyu anatoa arobaini juu ya mia. Malipo ya pili yakitoka tutapata sitini bila ubishi. Mpora, tusiharakishe."

Tata akaliangalia gari. Akasema, "Wewe ndiye unayejua."

Malipo ya pili yalitoka yamechelewa, tena kidogo kuliko watu walivyotegemea. Na kabla hela hazijatulia mifukoni, likaja Azimio.

Vijana wa leo mnalisoma tu shuleni. Sisi tulilisikia kwenye redio ya gereji, Mzee Shabani kasimama na tairi mkononi. Sikuelewa mara moja kwamba linanihusu. Mimi nilikuwa naifuata kahawa, siasa siifuati. Wiki mbili baadaye nikamfuata Bwana K, nikamwambia haya, mia na arobaini yako tumeikubali.

Akaniangalia kama nimemletea nyoka kwenye kikapu.

"Kijana, nilipande hilo sasa hivi niitwe kabaila? Mimi naagiza baiskeli."

Na hakuwa peke yake. Wenye uwezo wa kununua silinda sita walikuwa ni wale wale waliokuwa na vyeo au waliotaka vyeo. Wote siku hizo walikuwa wanatembea kwa miguu, tena taratibu, ili waonekane.

Nilipoenda nyumbani Pasaka ile, Tata alinipokea vizuri, tukasalimiana, tukakaa. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo ni bati ngapi?"

Nikafikiri. Nikasema ukweli. "Themanini, Tata."

Akatikisa kichwa. Hakugomba. Nilitamani angegomba.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila nikienda nyumbani, tukishamaliza salamu, Tata ananipeleka lilipo gari, tunalizunguka wote wawili, mikono nyuma, halafu anauliza, "Leo ni bati ngapi?" Nami najibu kwa haki, kama ninavyomjibu mteja. Sitini na tano. Hamsini. Arobaini na mbili, maana tairi moja limeoza. Majirani wakasikia, jina likanasa. Nikishuka kwenye basi naitwa, "BatiNgapi kafika!"

Wakati huo Mae anapita na debe kichwani, anatusalimia, anaendelea kupanda.

Mambo ya katikati nayapitisha haraka. Vipuri vikawa shida. Halafu petroli ikapanda dunia nzima, serikali ikapiga marufuku kuendesha gari Jumapili mchana. Tata akasema, "Letu linatii sheria siku saba." Kwa sababu tulishaliweka juu ya mawe, katikati ya migomba. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma, na mayai ya kuku wetu yalisifika.

Kuna siku kwenye mkutano wa kijiji, enzi zile za ujamaa zimepamba moto, kijana mmoja mwenye bidii alisimama akapendekeza gari la Tata liwe mali ya kijiji. Tata akasimama, akavua kofia. "Waitu, ndugu zangu, nimekubali kwa moyo wote. Naomba tu kijiji kichague na kamati ya kulinywesha." Mwenyekiti akauliza linakunywa kiasi gani. Nikasimama nikataja galoni, Bukoba kwenda na kurudi. Mkutano ukaenda ajenda nyingine.

Mngetuona mngedhani tulikuwa na raha. Na kweli raha ilikuwepo. Ila kila nikilala msongeni nikisikia debe likigusa mlango alfajiri nilikuwa najifunika kichwa.

Jambo moja naomba mlishike. Mwaka wa kwanza tulipoliweka juu ya mawe, nilimfundisha Tata namna ya kuilinda injini isigande. Kila Jumamosi azungushe feni kwa mkono, mizunguko kumi, na mara moja moja adondoshee oili kwenye matundu ya plagi. Nilisema tu, kama fundi anavyomwambia mteja. Tata alifanya hivyo kila Jumamosi. Mimi nilishasahau kwamba nilisema.

Mwaka wa tisa nikaenda nyumbani wakati wa senene. Tukazunguka gari. Bodi ilishaanza kutoboka, mchwa wameingia mlango wa kushoto.

"Leo ni bati ngapi?"

Nikaangalia chini. "Leo hakuna, Tata."

"Hata moja?"

"Hata moja. Hakuna mtu Bukoba nzima atakayelinunua gari hili."

Tata aliweka mkono juu ya boneti. Alikuwa amezeeka, wakuu, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naona siku ile. Mae alikuwa anafika kutoka bondeni. Akatua debe, akapumua, akashika magoti yote mawili kwa mikono. Akasema, "Basi sasa limekuwa letu. Haliwezi kushuka tena." Akaingia ndani kupika.

Nilirudi Bukoba nikiwa mgonjwa, sitanii.

Haikupita miezi mitatu, akaja gerejini Ma Koku.

Huyu alikuwa mama mjane wa Kemondo, mfanyabiashara, ana lori dogo moja la kubeba magunia na samaki kutoka vijijini hadi bandarini. Injini ya lori ilipasuka bloki. Mpya haipatikani, hata ukiwa na hela, hata ukiwa na barua. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, mama, hapa hamna dawa.

Akakaa juu ya ndoo ya grisi akafikiri. Halafu akaniuliza, "Lile gari la baba yako wanalotagia kuku, lina silinda ngapi?"

Nikaweka spana chini.

Wakuu, injini ile na ya lori la Ma Koku zilikuwa za familia moja. Kiwanda kimoja. Nilishawahi kuhamisha pampu ya maji ya aina ile kutoka gari la aina hii kwenda lori la aina ile, kwa mikono yangu, zaidi ya mara moja! Miaka tisa nilikuwa natabiri bei ya viti vyekundu na rangi ya maziwa. Injini, ambayo ndiyo iliyolifanya gari lisinunulike, sikuwahi kuitabiria peke yake. Bosi wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Tukaenda nyumbani Jumanne asubuhi, mimi na Ma Koku. Akakaribishwa, akapewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni anavyopaswa. Kisha tukaenda kwenye gari. Nikafukuza kuku, nikafungua boneti, nikashika feni nikitegemea imeganda.

Ikazunguka. Laini kabisa.

Nikamgeukia Tata. Akasema, "Si ulisema mizunguko kumi?"

Nikaizungusha tena.

Ma Koku ni mfanyabiashara, lakini uso wake ulimsaliti, aliona alichokitafuta. Tata naye akaona. Akajinyoosha, akanigeukia mbele ya mgeni. "Haya, BatiNgapi. Leo ni bati ngapi?"

Ndiyo siku niliyoingojea miaka tisa. Na kichwani hakuna kitu. Hakuna kahawa, hakuna msimu, hakuna mfano wowote wa kufuata. Nikasema, "Sijui, Tata."

Mae alikuwa ndiyo kwanza anafika na debe. Akalitua, akamsalimia mgeni kwa heshima zote, akauliza ni nini. Akaelezwa. Akajifuta uso na ncha ya kanga.

"Ma Koku, lori lako limelala siku ngapi?"

"Siku thelathini na nane, bojo."

"Na magunia ya watu?"

"Yako ghalani. Wenyewe wanakuja kila siku kunililia."

"Ghala la bati?"

"La bati. Tena nilibomoa banda moja la pembeni, bati zake nimezipanga tu ukutani."

"Ngapi?"

"Sitini na kitu. Zimetumika, lakini hazijatoboka."

Mae akasema, "Basi bati zote hizo, na gata zake, na pipa moja lililooshwa vizuri lisinuke mafuta."

Mimi nilikuwa nahesabu haraka haraka, nusu ya bati za mwanzo, chakavu juu yake. Ma Koku akacheka, akatema ganda la kahawa, akasema, "Mama, wewe ungekaa Kemondo ungenifukuza sokoni." Wakapeana mikono.

Mama yangu hakuwahi kushika gia maisha yake yote. Lakini hakuuliza gari lina miaka mingapi. Aliuliza anayelitaka amekaa siku ngapi bila lori. Kwenye jedwali la yule kijana wa V8 nimetafuta safu ya namna hiyo sikuiona.

Injini tuliitoa kwa chenibloki tuliyoifunga kwenye mti wa mwesi. Bati zikaja na safari ya kwanza ya lori lenyewe, linanguruma kwa injini yetu. Nyumba ikawa ndogo kuliko aliyoipima Tata, vyumba viwili na sebule. Bati zilikuwa za rangi mchanganyiko, nyingine zina namba za chaki za ghalani.

Mvua ya kwanza ilinikuta nyumbani, niliomba ruhusa makusudi. Ilipiga bati kwa kelele mpaka tukawa tunaongea kwa mikono. Ilipokatika nikatoka nje. Mae amesimama karibu na pipa, limejaa hadi linamwagika, maji yanampitia miguuni, hasogei.

Nikamfuata. Nikamwambia, "Mae, nisamehe. Ni mimi niliyekubebesha maji miaka tisa."

Akachota kwa kikombe, akanywa. "Yana ladha ya bati," akasema, akacheka. Halafu akaniangalia, na hakuwa na hasira, naapa hakuwa na hasira.

"Kila ukija mlikuwa mnalizunguka gari, wewe na baba yako. Leo bati ngapi, leo bati ngapi. Na mimi napita hapo hapo na debe. Magoti yangu nayo yalikuwa yanashuka bei, mwanangu. Hakuna aliyeyauliza."

Akanipa kikombe nami ninywe. Nikanywa nalia.

Magoti hayo hayakupona. Miaka yake ya mwisho alitembea na fimbo, kutoka mlangoni hadi kwenye pipa na kurudi.

Tata yeye aliishi akisikiliza. Lori la Ma Koku likipanda mlima aliweza kulitambua akiwa ndani ya migomba. Anasimama, anainua jembe kidogo. "Letu linapita." Vita vya Kagera vilipokuja, lori lilichukuliwa kusaidia, kama magari mengi ya mkoa wetu, na halikurudi. Tata alisubiri ule mlio miezi mingi. Baadaye akanipeleka lilipokuwa ganda la gari, migomba imeshaota ndani yake, tukalizunguka, mikono nyuma, akauliza kama kawaida. Nikamjibu sijui. Akasema, "Nami sijui," tukarudi ndani kula.

Wote wawili wamelala kibanjani sasa. Pipa bado lipo, limetoboka.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki. Mwanangu wa mwisho yuko Mwanza. Juzi kanipigia simu kwa furaha, kapata V8 ya mtumba, bei ya kutupa, mwenyewe anahama nchi. Ananiambia, "Mzee, wewe ndiye mtaalamu, baada ya miaka mitatu nitaliuza ngapi? Nikilishika vizuri si nitapata faida?"

Nikasikia sauti yangu mwenyewe mbele ya Tata.

Sikumtajia bei. Nilimuuliza, "Kabla hujaliona gari, hizo hela zilikuwa za nini?"

Akajibu, "Za kuezeka, mzee. Lakini mama watoto kasema si neno, tunaweza kuendelea kupanga mwaka mmoja tu."

"Mpe simu mama watoto."

Akampa. Nikamsalimia mkwe wangu, nikamuuliza magoti yake yanaendeleaje. Akashangaa. Akacheka kidogo, halafu akasema maji wanayachota bomba la chini, na chumba chao kiko ghorofa ya tatu.

Gari hawajanunua. Leo asubuhi wamenitumia picha ya kenchi za paa lao.

Wakuu, sijasema msinunue V8. Nunueni, ni magari matamu, mimi mwenyewe likipita moja nageuka. Na bei zake tabirini, jedwali ni zuri, ongezeni tu safu moja ya mtu anayesubiri nyumbani.

Nawaachia uwanja. Wa Kagera wenzangu, kama kuna aliyewahi kuona saluni ya rangi ya maziwa iliyotagiwa mayai kule Muleba, aseme. Wataalamu wa CC, nikosoeni bila kunionea haya. Na wewe uliyeweka jedwali, sina ugomvi na wewe, kijana wangu. Leo ukirudi nyumbani mwangalie anayekufungulia mlango, halafu uje uniambie umeona nini.